Dubu Mweupe wa Kalendari: Jibu Langu kwa Ndugu Wawili



Ninyi wote mnajua ile kalendari iliyo mu biblioteki, karibu na dirisha. Ilifika ndani ya sanduku la vitabu, na mwaka wake umekwisha kupita zamani, lakini hakuna mtu anayetaka kuitoa, sababu ya ile foto ya mwezi wa saba. Kuko meli nyeupe juu ya bahari nyeusi sawa wino, na nyuma yake ukuta mrefu wa barafu wenye rangi ya buluu. Mbele, juu ya kipande cha barafu kinachoelea, dubu mweupe amesimama anatazama meli. Ku meli watu wamejipanga wenye makoti mekundu, nao wanamtazama yeye.

Katika buletini iliyopita ndugu wawili waliandika juu ya foto hiyo. Wa kwanza, wa darasa la tano, alisema ni wazimu wa watu wenye feza: kulipa maelfu ya dola ili kwenda kusikia baridi, kisha kurudi nyumbani mikono mitupu. Akamaliza akisema safari hizo zikatazwe zote. Wa pili alimjibu kwamba mwenye feza ana haki ya kuitumia anavyopenda, tena kwamba mtu aliyemwona dubu kwa macho yake mwenyewe atampenda na atamlinda. Mu internati tulibishana usiku tatu, mpaka taa ikazimwa juu yetu. Mimi nilinyamaza. Leo nataka kusema, na ndugu wote wawili wanisamehe, maana sikubaliani kabisa na mmoja wala na mwingine.

Kwanza tujue tunasema juu ya pahali gani. Chini ya foto wameandika Svalbard. Ni visiwa vilivyo katikati ya Norwei na Ncha ya Kaskazini, na viko chini ya Norwei kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mjini Paris tarehe 9 Februari 1920. Mji wake mkubwa unaitwa Longyearbyen. Usifikiri ni mji sawa Goma ao Butembo: wakaaji wake ni karibu 2500 tu. Toka karibu tarehe 20 ya mwezi wa nne mpaka karibu tarehe 22 ya mwezi wa nane jua halishuki hata siku moja, linazunguka tu mbinguni, na watoto wanalala mchana mweupe. Kisha toka mwisho wa mwezi wa kumi mpaka katikati ya mwezi wa pili jua halionekani kabisa. Hakuna mti unaofika magotini. Zaidi ya nusu ya inchi imefunikwa na barafu ya siku zote. Kule Greenland na kule Kanada kuko Wainuiti, watu waliozaliwa pale tangu babu zao, lakini Svalbard haikuwa na kabila lake. Wote wamefika juu ya kazi. Kwa miaka zaidi ya mia walichimba makaa ya mawe. Shimo la mwisho la Wanorwei, lile wanaloita namba 7, lilifungwa katikati ya mwaka 2025. Leo wengi wanapata mkate wao kwa wageni. Basi ndugu yangu wa darasa la tano anaposema «zikatazwe zote», ajue anasema vilevile juu ya sufuria ya watu walioachishwa kazi ya shimo jana tu.

Na safari yenyewe iko namna gani? Watu wanafika Longyearbyen kwa ndege, toka Oslo, kisha wanaingia mu meli. Si meli kubwa zile za kucheza dansi zenye watu 3000. Ile wanayoita meli ya ekspedisyo inachukua watu mia moja, mia mbili, na upande wake wa mbele umefanywa mgumu kwa kusukuma barafu nyepesi. Hakuna programu ya hakika. Kapteni anatazama karatasi ya barafu na upepo, anachagua njia. Kwa kuwa jua haliendi kulala, hata saa nane ya usiku sauti inaweza kuita mu vyumba vyote: «Dubu, upande wa kuume!» Na wote wanaruka toka kitandani, wazee kwa vijana, wakivaa koti juu ya nguo ya kulalia, mkimbio sawa wa kwetu kengele ya chakula ikilia. Dubu mwenyewe mara nyingi ni doa la manjano mbali sana. Ndiyo, la manjano! Juu ya theluji safi dubu mweupe haonekani mweupe kabisa.

Wakitaka kushuka inchi kavu wanateremshwa mu mashua za mpira zenye mota, watu kumi kumi. Mbele ya kushuka wanasafisha bote zao, wasilete mbegu ya majani mageni wala ugonjwa wa ndege. Viongozi wenye bunduki njo wanatangulia, wanatazama kila kilima, na tu kisha yao wageni wanakanyaga. Wanaona ndege kwa maelfu mengi ku miamba, wanaona sili ambao ku Kifaransa wanaitwa foki, wanaona morsi, yule mnyama mzito wa bahari mwenye meno mawili marefu sawa tembo. Tena wanaona barafu.

Juu ya barafu hiyo naomba nafasi kidogo, maana wengi wetu tunafikiri barafu ni ile ya friji tu. Mto wa barafu unatoka theluji. Theluji inaanguka mwaka kwa mwaka, ya juu inalemea ya chini, mpaka hewa inabanwa na theluji inageuka barafu ngumu. Barafu nene inameza mwangaza mwekundu na inaacha wa buluu upite, njo sababu ukuta ule wa foto una rangi ya buluu. Mtu wa kupiga foto hakuipaka. Na inatembea. Polepole sana, lakini inatembea, sawa ugali mzito uliomwagwa juu ya meza iliyoinama. Ikifika baharini inavunjika. Walioisikia wanasema mlio wake ni kama mzinga, na kisha ya mlio wimbi linakuja, kwa hiyo mashua ya kukaribia sana inatafuta kufa. Na vipande vidogo vinavyoelea, ukizima mota na kunyamaza, vinalia tititi, kama mafuta ku sufuria. Ni hewa ya zamani, iliyofungwa ndani tangu theluji ile ilipoanguka, inatoka. Mimi ningelipenda kusikia sauti ile. Sioni haya kulisema. Ndugu wa darasa la tano anasema hawarudi na kitu mkononi. Mimi naona mtu anaweza kurudi na sikio lililosikia hewa ya mbele ya babu wa babu yake.

Na yule dubu? Sisi tunamjua tu katika kitabu cha Samweli, pale Daudi anaposema alimwua simba na dubu. Yule alikuwa dubu wa milima ya mashariki. Huyu ni mwingine, mkubwa zaidi. Dume anaweza kupita kilo 500. Chakula chake ni sili, naye anawawinda juu ya barafu ya bahari: anakaa karibu na tundu ambapo sili anatokeza pua kwa kupumua, anangoja saa nyingi bila kutikisika, kisha anapiga. Bila barafu ya bahari hana pahali pa kusimama na kungoja. Hesabu ya mwaka 2004 ilikadiria dubu karibu 2650 kwa bahari yote ya Barents, upande wa Norwei na upande wa Urusi pamoja. Barafu ikiondoka mapema, wengine wanabaki inchi kavu, wanakula mayai ya ndege. Wazia tembo anayeshiba kwa karanga.

Kuko jambo ambalo ndugu wote wawili walilisahau. Wageni wa kwanza wa visiwa hivi hawakuja kutazama. Willem Barentsz, Mholanzi, aliviona mwaka 1596. Mbele ya miaka hamsini kupita, Waholanzi walikuwa wamekwisha kujenga pwani kijiji cha kupikia mafuta ya nyangumi, Smeerenburg, maana yake mji wa mafuta, na Waingereza walikuwa wanagombana nao juu ya windo lile lile. Waliua nyangumi wale mpaka karibu kuwamaliza. Kisha wakageukia morsi, juu ya meno. Sisi wa inchi ya tembo hatuna haja ya kuelezwa hadithi hiyo. Norwei ilikataza kuua morsi mwaka 1952, wakati walipokuwa wamebaki wachache sana, na leo wanahesabiwa kwa maelfu tena. Dubu naye akalindwa mwaka 1973. Mwaka huo huo inchi tano zenye dubu, ni kusema Norwei, Denmark kwa ajili ya Greenland, Kanada, Marekani na Urusi ya Kisoviet, zilitia sahihi mapatano mjini Oslo kwa kumlinda. Marekani na Soviet! Watu ambao hawakuweza kukubaliana hata juu ya ukubwa wa meza, walikubaliana juu ya dubu.

Kwa hiyo mtu mwenye darubini ni afadhali kuliko mtu mwenye chusa. Hapo nasimama pamoja na ndugu wa pili. Lakini yeye anasema sawa vile darubini haina uzito wowote, na mimi namwonyesha mambo matatu yaliyotokea.

Usiku wa tarehe 19 Juni 1989 meli ya Kisoviet jina lake Maxim Gorkiy ilikuwa magharibi ya Svalbard, yenye watu zaidi ya 900, na wengi wa abiria walikuwa wazee kutoka Ujerumani. Ilikwenda mbio, ikagonga barafu, maji yakaingia. Watu wakateremshwa mu mashua za kuokolea, na wengine wakasimama juu ya vipande vya barafu katikati ya bahari, wakitetemeka na kungoja. Meli ya walinzi wa bahari ya Norwei, Senja, ilifika kisha ya saa chache na kuwakusanya. Hakufa hata mmoja. Ndugu, hiyo ni rehema. Kama upepo ungegeuka usiku ule tungesoma habari nyingine. Na msiseme ni mambo ya zamani: mwezi wa tisa wa 2023 meli nyingine, Ocean Explorer, ilikwama mu matope ya Alpefjord, kaskazini-mashariki ya Greenland, na watu 206 ndani yake. Meli ya karibu ya jeshi la Denmark ilikuwa mbali zaidi ya kilometa 2000. Walikaa pale siku tatu, mpaka meli ya uchunguzi ya Greenland ikawavuta. Watu wanalipa bei kali ili wafike pahali ambapo hakuna mtu, kisha mtu anatafutwa mbio kuja kuwaokoa.

Jambo la tatu linaniuma zaidi. Tarehe 28 Julai 2018, kaskazini kabisa ya Svalbard, walinzi wa meli moja ya watalii walishuka pwani kutazama kama kuko dubu, mbele ya wageni kushuka. Hawakumwona. Yeye aliwaona. Akamrukia mmoja na kumwumiza kichwa, na mwenzake akapiga bunduki. Mlinzi akapona, dubu akafa. Simlaumu yule aliyepiga. Mtu akishikwa kichwa na dubu, wewe utafanya nini? Lakini tazama mpango wote: kwa kuwa watu walitaka kumwona dubu katika inchi yake, dubu aliuawa katika inchi yake. Foto ya mzoga wake pwani ilizunguka dunia nzima. Hiyo hawakuiweka ku kalendari.

Sasa Norwei imekaza kamba. Tangu mwaka 2022 mafuta mazito ya meli, yale meusi, yamekatazwa katika maji yote ya Svalbard. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, katika sehemu za hifadhi, meli haina ruhusa kuwa na abiria kupita 200, na watu wanashuka tu pahali palipochaguliwa, pahali 43, si kila pwani inayowapendeza. Na juu ya dubu: mtu asimkaribie kupita mita 300. Toka mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa sita, wakati dubu jike anapotembea na watoto, ni mita 500. Dubu akija karibu mwenyewe, ni watu wanaopashwa kurudi nyuma.

Kuko wenye meli waliolia juu ya sheria hiyo. Nawaelewa: kwa mita 500 dubu anaonekana sawa punje ya mchele juu ya kitambaa cheupe, na nani atalipa maelfu ya dola juu ya punje ya mchele? Lakini mimi niliposoma sheria ile nilipiga mikono. Kwetu mgeni mwema hajulikani kwa kusema «nawapenda sana». Anajulikana pale anapobisha hodi na kungoja nje, hata kama mvua inanyesha, mpaka mwenye nyumba aitike. Mita 300 njo hodi ya dubu. Na jambo hili si geni kwetu hapa Kivu. Watu walipokuwa wanapelekwa kuona gorila wa Virunga, walipewa saa moja tu, watu wachache, mdomo umefunikwa, maana gorila anashikwa na mafua yetu na anaweza kufa. Ku Rwanda, tangu 2017, ruhusa ya saa hiyo moja ni dola 1500 kwa mgeni. Na watu wanalipa, wanatii saa, wanashukuru. Basi asituambie mtu kwamba mgeni hawezi kutii kipimo. Anatii, kama mwenye nyumba anakisema kwa sauti.

Mpaka hapa mtafikiri nimekwisha kumpa haki ndugu wa pili: waende, lakini kwa sheria. Ngojeni kidogo.

Iko hesabu moja ambayo mwalimu wetu wa fizika alitusaidia kuielewa, namshukuru. Mwaka 2016 watu wawili wa elimu, Dirk Notz na Julienne Stroeve, walionyesha kwamba kila tani moja ya gazi ya kaboni inayotoka mu mafuta na makaa, pahali popote duniani, inaondoa karibu mita 3 za mraba za barafu ya bahari ya Kaskazini mwishoni mwa kiangazi. Mita tatu za mraba ni mkeka. Pima mkeka mmoja wa mita mbili kwa moja na nusu, njo ile. Tani moja, mkeka mmoja. Sasa mtu anayetoka Marekani kwenda kumwona dubu, ndege yake peke yake, kwenda na kurudi, inafika tani moja ao kupita, na meli haijawasha mota bado. Anakwenda kumtazama dubu amesimama juu ya mkeka, na nyuma ya mgongo wake anauvuta mkeka ule ule. Mtu wa Kongo, ukihesabu mafuta, gazi na makaa ya mawe, hafiki hata sehemu ya kumi ya tani kwa mwaka mzima. (Hesabu hiyo haikuingiza msitu tunaokata na makala tunayochoma, kwa hiyo tusijisifu sana.) Na kule Kaskazini joto limepanda karibu mara nne kuliko dunia kwa jumla tangu 1979. Mwezi wa nane wa 2024 Longyearbyen iliona joto ambalo haikupata kuona katika Agosti yoyote iliyopimwa.

Hapo njo ninapomwacha ndugu wa pili. Alisema, anayeona atapenda, na anayependa atalinda. Ni maneno mazuri. Lakini mwaka jana sisi wenyewe tulipelekwa ku maporomoko ya mto, darasa zima, na wote tulisema tumependa, tukaimba hata. Tulipoondoka, majani yalikuwa yamejaa mifuko ya biskuti. Mimi nilikuwa mmoja wao, na mfuko wangu ulikuwa wa rangi nyekundu, naukumbuka. Jicho halilindi kitu. Mtu wa koti jekundu, akirudi kwake na kuonyesha foto mia mbili, kisha mwaka unaofuata akapanda ndege kwenda Antarktiki kwa sababu hajamaliza mabara yote, huyo aliona nini? Alikusanya tu, sawa mtoto anayekusanya vifuniko vya chupa.

Kuko wengine, nakubali. Kuko wageni wanaoinama pwani za Svalbard na kuokota nyavu za plastiki zilizoletwa na mawimbi, wanajaza magunia, meli inayarudisha mjini. Kuko wanaowapa watu wa elimu foto za mikia ya nyangumi, maana kila mkia una alama zake sawa kidole cha mtu, na hivi nyangumi mmoja anajulikana alipita wapi na wapi. Hao mimi siwakatazi. Ningemkataza nani? Ningemkataza yule wa kufika kwa siku tano ili aseme alifika. Aende mara moja katika maisha yake, akae muda mrefu, mu meli ndogo, na njia ambayo treni inaweza kumfikisha aifanye kwa treni. Na kama sheria inaongezwa ya mita 1000, asilie. Ndugu wa darasa la tano atasema ninawapa watu wa mbali amri kutoka kitanda changu cha internati. Ni kweli. Lakini moshi wao unafika hapa bila kuomba ruhusa, na mimi nimeleta maneno tu.

Maana unafika. Nyumbani kwetu ni Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Wengi wa bweni langu hawaamini nikiwaambia kwamba Kongo ina barafu yake, na kwamba mpaka wetu na Uganda unapita pale pale ku kilele, Margherita, mita 5109. Wazee wetu wanaita theluji ile nzururu. Asubuhi nyingi huioni sababu ya mawingu. Babu yangu alisema siku mlima ulipofunguka, weupe ulikuwa mpana sawa shuka iliyoanikwa. Mimi nikitazama naona leso.

Na msifikiri naleta mlima wangu katika habari ya dubu kwa nguvu tu. Kuko mtu mmoja aliyeziunganisha barafu hizo mbili kwa miguu. Ni Luigi Amedeo wa Abruzzi, mwana wa jamaa ya wafalme wa Italia. Mwaka 1899 alikwenda Kaskazini na meli Stella Polare, mpaka visiwa vya Franz Josef, mashariki ya Svalbard. Baridi ikamla vidole, wakamkata viwili, hakuweza kuendelea. Mwenzake Umberto Cagni akaenda mbele na mbwa juu ya barafu, na mwezi wa nne wa 1900 akafika digri 86 na dakika 34, ambapo mtu hakupata kufika mbele yake. Watu watatu wa safari ile walipotea, hawakuonekana tena. Kisha mwaka 1906 Luigi Amedeo na Cagni walikuja kwetu, kwa njia ya Uganda, na wachukuzi wengi wenye mizigo kichwani. Wakapanda Ruwenzori, wakavipa vilele majina ya malkia wao (hawakuuliza mtu kama vilikuwa na majina). Vittorio Sella alipiga foto. Ku foto zile barafu inashuka toka vilele sawa maziwa yaliyofurika. Wakati ule mlima ulikuwa na barafu zaidi ya kilometa 6 za mraba. Mwaka 2003 ilikuwa chini ya 1. Tangu hapo imeendelea kupungua.

Basi nikisikia «safari ya kuona barafu mbele haijaisha», mimi sicheki sawa ndugu wa darasa la tano anavyocheka. Ni habari ya nyumbani. Kama mtu wa koti jekundu angetaka kuja kuona yetu vilevile, amani ikiwapo, ningemruhusu? Nimefikiri sana. Ningemruhusu. Kwetu hakuna meli. Atapanda kwa miguu siku nyingi, mu matope ya kufika magoti, na vijana wa Mutwanga watachukua mizigo yake na watalipwa vizuri. Akifika juu akae kimya asikilize kama barafu yetu nayo inalia tititi, kisha ashuke aniambie, maana mimi mwenyewe sijapanda bado.

Kwa mwenye biblioteki nina ombi moja. Kalendari asiitoe. Lakini kama foto ya Sella ya mwaka 1906 inaweza kupatikana mu kitabu chochote, tuibandike karibu na dubu. Vakansi ya mwezi wa saba nikiwa nyumbani, na mlima ukifunguka hata asubuhi moja, nitachora kwa kalamu ya risasi weupe uliobaki, nitaleta karatasi, tutaweka ya tatu.

Mwanafunzi wa darasa la sita, Biokimia